Kingo za Picha

Watu wengi huitazama picha katikati yake. Huutafuta uso wanaoujua, na wakishaupata hutabasamu au huhuzunika, kisha huigeuza picha nyuma ili wasome tarehe. Ni wachache mno wanaozitazama kingo, yaani mahali picha inapokomea. Hata hivyo, baada ya miaka mingi ya ualimu, mimi naamini kwamba sehemu kubwa ya historia ya picha imo katika kingo hizo. Aliyekuwa ndani ya ukingo hukumbukwa. Aliyekuwa hatua moja nje yake huwa kama mtu ambaye hakuwapo siku ile.

Katika insha hii nakusudia kulieleza jambo ambalo kwa juu juu laonekana kuwa la mafundi peke yao. Nalo ni hili: kamera mbili zenye picha za maumbo tofauti, moja ya mraba na nyingine ya mstatili, zinawezaje kuona upana ule ule wa dunia? Swali hili limewashughulisha watu wa picha kwa zaidi ya miaka mia moja. Nimelifuatilia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ndani yake mna hesabu nzuri ambayo mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Ya pili ni kwamba niliwahi kuona jibu lake likimfuta mtu katika kumbukumbu za wenzake, na hilo nitalisimulia kwa mahali pake.

Tuanze na dirisha. Nilipokuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, nilizoea kuwafundisha walimu tarajali somo hili bila kamera yoyote, kwa kuwa kamera hatukuwa nazo. Nilimwambia mmoja asogee hadi dirishani na kunitajia anachokiona nje. Angetaja bwalo la chakula, mwembe, uwanja wa mpira na barabara iendayo mjini. Kisha nilimwambia arudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ukuta wa pili wa darasa, huku akinieleza vitu vinavyopotea. Kwanza ilipotea barabara, halafu uwanja, halafu bwalo. Mwishowe ulibaki mwembe peke yake. Dirisha lilikuwa lile lile; kilichobadilika ni umbali kati ya jicho na dirisha.

Kamera nayo ni hivyo hivyo. Ile sehemu ya filamu inayopokea picha ndiyo dirisha, na umbali uliopo kati yake na lenzi, ambao katika fizikia tunauita urefu wa fokasi, ndio hatua za mwanafunzi kutoka dirishani. Umbali ukiwa mfupi, kamera huona eneo pana. Umbali ukiwa mrefu, huona eneo jembamba. Eneo hilo hupimwa kwa nyuzi, nami nitaliita pembe ya mwono. Kuikokotoa si kazi ngumu: chukua nusu ya upana wa picha ndani ya kamera, igawanye kwa urefu wa fokasi, utapata tanjiti ya nusu ya pembe.

Lakini dirisha lina upana na lina kimo. Kwa hiyo kamera haina pembe moja ya mwono. Inayo ya mlalo, inayo ya wima, na inayo ya mshazari, toka kona hadi kona. Madirisha mawili yakiwa na umbo moja, moja dogo na jingine kubwa, ni rahisi kuyafanya yaone sawasawa: mwenye dirisha kubwa arudi nyuma kidogo, basi. Madirisha yakiwa na maumbo tofauti, ndipo matata yanapoanza. Ukilinganisha upana, kimo kinakataa. Ukilinganisha kimo, upana unakataa. Hapana umbali wowote utakaoyafanya yaone kitu kimoja kabisa. Hapo hesabu hunyamaza, na mtu hulazimika kuchagua.

Maumbo haya tofauti yalitoka wapi? Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Lenzi yenyewe ni duara, na picha inayoitupa ndani ya kamera ni duara pia. Lenzi haijui mraba wala mstatili. Mwaka 1888 Mmarekani George Eastman alipoanza kuuza kamera yake ya kwanza ya Kodak, picha zake zilikuwa za duara kweli, zenye kipenyo cha inchi 2.5. Mnunuzi alipiga picha 100, kisha aliirudisha kamera nzima kiwandani ili zisafishwe. Duara hilo halikudumu. Karatasi, vitabu, kuta na fremu za seremala zina pembe nne, na picha ikalazimika kuzifuata.

Umbo lililotawala zaidi lilizaliwa katika maabara ya Thomas Edison huko West Orange, New Jersey. Msaidizi wake, William Kennedy Laurie Dickson, alikuwa akitafuta njia ya kupiga picha zinazotembea. Kufikia mwaka 1892 alikuwa ameamua kutumia utepe wa filamu wenye upana wa milimita 35, wenye matundu pande zote mbili, na kila picha ikichukua kimo cha matundu manne. Picha ikawa na upana wa karibu inchi moja na kimo cha robo tatu ya inchi, yaani 4 kwa 3. Mwaka 1909 watengenezaji wa filamu walikubaliana kuufanya utepe huo kuwa kipimo cha wote. Hivyo uamuzi wa fundi mmoja ukawa dirisha ambalo dunia nzima iliangalia kupitia kwalo.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 filamu zilipata sauti, na ukanda wa sauti ukachukua nafasi pembeni mwa utepe. Picha ikabanwa mpaka ikakaribia mraba. Watazamaji hawakuupenda umbo huo, na mwaka 1932 Akademia ya filamu ya Marekani ikapitisha uwiano wa 1.37 kwa 1, ambao hautofautiani sana na ule wa Dickson. Picha ndani ya kamera ikawa na upana wa takriban milimita 22 na kimo cha milimita 16.

Wakati huo Ujerumani ilikuwa imepata umbo jingine. Katika mji wa Wetzlar, Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Ernst Leitz, alitaka kamera ndogo ya kuchukua safarini. Aliuchukua utepe ule ule wa sinema, akaulaza upite kwa mlalo badala ya wima, akaunganisha nafasi za picha mbili kuwa moja. Picha mbili za milimita 24 kwa 18 zikawa moja ya milimita 36 kwa 24. Angalia hesabu hiyo ilivyofanya: 4 kwa 3 imegeuka kuwa 3 kwa 2. Kamera hiyo, Leica, ilianza kuuzwa mwaka 1925, na umbo hilo likawa la wapiga picha wa magazeti kila mahali. Miaka minne baadaye, mwaka 1929, kampuni ya Franke & Heidecke ya Braunschweig ikatoa Rolleiflex, kamera ya lenzi mbili inayotazamwa kwa juu, yenye picha ya mraba inayoitwa sita kwa sita, ingawa kwa hakika ni milimita 56 kwa 56. Kamera za namna hii, za Kijerumani na za Kijapani, ndizo ambazo watu wa rika langu waliziona zikining'inia vifuani mwa wapiga picha wa mitaani na wa studio.

Kufikia hapo tayari palikuwa na mkanganyiko. Fundi wa sinema akisema lenzi ya milimita 50, ana maana ya pembe ya mlalo ya nyuzi 25 hivi. Mwenye Leica akisema lenzi ya milimita 50, ana maana ya karibu nyuzi 40. Kwa mwenye kamera ya sita kwa sita, lenzi ya milimita 80 ndiyo ya kawaida, nayo inaona nyuzi 39. Watu watatu wanataja namba, na kila namba ina maana kwa dirisha lake tu.

Jambo hili lilifika hata katika milima ya Usambara. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri, juu ya Korogwe, paliendeshwa mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Ulitengeneza filamu za mafunzo na kuzizungusha kwa lori katika nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Waongozaji wake, Notcutt na Latham, waliandika kitabu juu yake mwaka 1937. Kwa kuwa fedha zilikuwa chache, walitumia filamu nyembamba ya milimita 16, ambayo picha yake ina upana wa milimita 10 na kidogo. Umbo lake lilikuwa lile lile la 4 kwa 3, lakini dirisha ni dogo zaidi ya nusu, na kwa hiyo lenzi yake ya kawaida ilikuwa ya milimita 25. Hapo kulinganisha kulikuwa rahisi, kwa sababu umbo halikubadilika: nusu ya dirisha, nusu ya umbali, mwono karibu ule ule. Swali la nani aingizwe katika dirisha hilo, na aonyeshwe akifanya nini, lilibaki mikononi mwa wenye kamera, nao hawakuwa Waafrika.

Umbo lilianza kuvunjika kwa kishindo baada ya Vita Kuu ya Pili. Huko Marekani televisheni iliingia majumbani, nayo ilikuwa imeiga umbo la 4 kwa 3 kutoka sinema. Watu wakabaki sebuleni kwao, na majumba ya sinema yakaanza kuwa matupu. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Wenye sinema wakaamua kuwaonyesha watu kitu ambacho sanduku la sebuleni halikiwezi, yaani upana.

Wazo lenyewe halikuwa geni. Mwaka 1927 Mfaransa Abel Gance alikuwa ameonyesha filamu yake ya Napoléon mjini Paris, na katika baadhi ya sehemu alitumia kamera tatu na pazia tatu zilizopangwa sambamba, upana ukawa mara nne ya kimo. Mwaka 1952 mjini New York ikaja Cinerama, nayo ikiwa na kamera tatu, kila moja na lenzi ya milimita 27, ambazo kwa pamoja ziliona nyuzi 146 za mlalo, karibu na mwono wa macho ya binadamu. Lakini mishono kati ya picha tatu ilionekana, na gharama zilikuwa kubwa.

Aliyeleta ufumbuzi alikuwa mtu wa nyota. Henri Chrétien, mwanafalaki wa Kifaransa, katika miaka ya 1920 alibuni lenzi aliyoiita Hypergonar. Lenzi hiyo huibana picha kwa mlalo tu, hata watu wakaonekana wembamba kama mianzi juu ya filamu. Wakati wa kuonyesha, lenzi nyingine huitanua tena. Uvumbuzi huo ulikaa bila kushughulikiwa sana kwa robo karne, mpaka kampuni ya Twentieth Century-Fox iliponunua haki zake na kuupa jina la CinemaScope. Filamu ya The Robe ikaonyeshwa New York Septemba 1953, upana wake ukiwa zaidi ya mara mbili na nusu ya kimo.

Msomaji na atue hapa afikiri. Lenzi ya milimita 50 ikibanwa mara mbili kwa mlalo, kwa wima huona kama lenzi ya milimita 50, lakini kwa mlalo huona kama lenzi ya milimita 25. Basi ukiuliza lenzi hiyo ina mwono kiasi gani, huwezi kujibiwa kwa namba moja. Mwaka 1954 kampuni ya Paramount ikajibu kwa njia yake, VistaVision, ambayo ilipitisha utepe wa filamu kwa mlalo na kutumia matundu manane kwa kila picha. Ilikuwa kama kurudi kwa Barnack, kwani ukubwa wa picha yake unakaribia ule wa Leica.

Shida ilikuja filamu hizo pana ziliporudi katika televisheni. Picha yenye uwiano wa 2.35 kwa 1 haiingii katika sanduku la 4 kwa 3. Ukiiingiza yote, hapana budi kuacha kanda nyeusi juu na chini, na watazamaji walilalamika kwamba wananyimwa sehemu ya kioo chao. Kwa hiyo vituo vingi vilikata. Fundi aliketi mbele ya mashine akichagua sehemu ya picha ya kuonyesha, akiisogeza kushoto au kulia. Asilimia 43 ya picha ilitupwa. Sisi tulioanza kuangalia kanda za video, na baadaye televisheni za Bara zilipoanza mwaka 1994, tuliyaona matokeo yake: watu watatu wanazungumza, mmoja anaonekana pua tu, na mwingine ni sauti isiyo na mwenyewe. Tulidhani ni ufundi mbaya wa mtengeneza filamu. Kumbe mtengeneza filamu alimpanga kila mtu mahali pake. Aliyemwondoa ni mwingine kabisa, aliyekaa mbali na mwenye haraka.

Katika miaka ya 1980 mhandisi Kerns Powers alijaribu kuwapatanisha wote. Alichora mistatili ya maumbo yaliyokuwa yakitumika, yote yenye eneo sawa, akaipanga kitovu kimoja. Akaona kwamba mstatili wa kuizunguka yote kwa nje, na ule uliomo ndani ya yote, ina umbo moja: karibu 1.78 kwa 1, ambao ndio 16 kwa 9. Mwanafunzi wa hesabu atalitambua siri yake akizidisha 1.33 kwa 2.35 na kutafuta kipeo cha pili, atapata 1.77. Televisheni za leo ni za umbo hilo. Ni suluhu ya haki, kwa maana kila upande umepoteza kidogo. Lakini suluhu haikuondoa makosa. Usitishaji wa matangazo ya analojia ulipoanza Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, na runinga pana zikaenea, picha za zamani za 4 kwa 3 zilianza ama kunyooshwa, watu wakanenepa kwa theluthi moja, ama kukatwa robo ya kimo chake ili zijae. Mikutano ya miaka ya 1960 inaonyeshwa leo ikiwa na wazungumzaji wasio na nywele na wasikilizaji wa mbele wasio na miili.

Sasa nije kwenye lile nililoahidi. Chuo nilichofundisha kina picha moja ya mahafali ya mwaka 1976. Ilipigwa na mpiga picha wa mjini kwa kamera ya lenzi mbili, picha ya mraba. Alisimama juu ya ngazi ya baraza la bwalo, sisi tukiwa tumepangwa kwenye nyasi mbele ya jengo la utawala. Mkuu wa chuo wa wakati huo alishikilia kwamba kila mtu aingie. Kwa hiyo mstari wa nyuma kabisa wahitimu walisimama juu ya mabenchi. Mbele yao walisimama wahitimu wengine. Mbele yao tulikaa wakufunzi na wageni kwenye viti. Na mbele yetu, chini kwenye nyasi, walikaa wapishi watatu, dobi, mtunza bustani na mlinzi wa usiku. Umbo la mraba liliwafaa watu waliopangwa ngazi kwa ngazi namna hiyo.

Mwaka 2016 chuo kilifanya sherehe ya kutimiza miaka 50, nami nilialikwa kama mkuu wa chuo mstaafu. Kamati ilikuwa imeipeleka picha ile kwa mchapaji mmoja ili aikuze kuwa bango la ukumbini. Bango lilikuwa la umbo la runinga, 16 kwa 9. Ili alijaze lote, mchapaji aliulinganisha upana wa picha na upana wa bango, akakata kilichozidi juu na chini. Mraba ukikatwa hivyo hubakiwa na asilimia 56 tu ya kimo chake. Wakufunzi na wageni tulikuwapo sote, tena wakubwa na wazuri. Wahitimu wa mabenchini walikuwa na vifua bila vichwa. Mstari wa nyasini haukuwapo kabisa.

Binti wa mmoja wa wapishi wale, mama wa makamo, alikuja na mjukuu wake. Nilimwona akilipitia bango toka mwanzo hadi mwisho, akarudi, akapitia tena. Kisha alinijia, akanishika mkono na kusema, "Shikamoo Mwalimu. Nilikuwa namwonyesha huyu babu yake mkubwa. Kumbe siku ile baba hakuwapo?"

Nikamwitikia, nikamwambia, "Alikuwapo, mwanangu. Njoo."

Tulikwenda ofisini, nikaomba albamu ya chuo, na picha yenyewe ilikuwamo, ndogo, imeanza kuwa ya manjano. Baba yake alikuwa wa pili kutoka kushoto, amevaa aproni yake, mikono juu ya magoti. Alimwekea mjukuu kidole pale. Hakulalamika. Alisema tu kwamba nyumbani hawana picha yake nyingine.

Alasiri ile ilikuwa imepangwa kupigwa picha mpya, mahali pale pale, iwekwe kando ya ile ya zamani. Kijana mpiga picha alikuwa na kamera ya dijitali ambayo kihisi chake kina kipimo cha Barnack, milimita 36 kwa 24. Alitaka kujua aweke lenzi ya milimita ngapi ili ione sawa na ya mwaka 1976. Kamera ile ya zamani bado anayo mtoto wa marehemu mpiga picha, na kwenye ukingo wa lenzi yake imeandikwa 80. Tulichukua chaki tukaenda ubaoni.

Picha ya zamani ni 56 kwa 56, lenzi 80. Nusu ya 56 ni 28, na 28 kugawanya kwa 80 ni 0.35. Tukilinganisha upana, nusu ya 36 ni 18, na 18 kugawanya kwa 0.35 ni 51. Tukilinganisha kimo, nusu ya 24 ni 12, na 12 kugawanya kwa 0.35 ni 34. Tukilinganisha mshazari, kama wafanyavyo wauzaji wa kamera katika majedwali yao, tunapata 44. Majibu matatu, yote sahihi. Kijana alicheka akasema, "Sasa Mwalimu, lipi ndilo lenyewe?"

Nikamwambia hesabu imeshamaliza kazi yake. Lenzi ya 51 itatupa upana ule ule, lakini itafanya kile kile alichofanya mchapaji, yaani kukata mabenchi na nyasi. Ya 44 itakata kidogo juu na chini, na pembeni itaona zaidi kidogo. Ya 34 itatupa kimo chote, na pembeni itaona zaidi ya ilivyoona kamera ya zamani, nyuzi 56 badala ya 39. Tukikubaliana kwamba wa juu na wa chini wote wabaki, basi ni 34, na wa pembeni tutawakaribisha. Nikamkumbusha pia asimame juu ya ngazi ile ile. Kwa maana lenzi huamua eneo linaloonekana, lakini ni mahali unaposimama ndipo panapoamua jinsi aliye mbele anavyolingana na aliye nyuma. Ukirudi nyuma ili uwaenee watu, umeshapiga picha nyingine, hata kama kingo zinafanana.

Alifanya hivyo. Nafasi iliyozidi kushoto na kulia ilijazwa na wafanyakazi wa sasa wa chuo na jamaa za waliotangulia, pamoja na yule mama na mjukuu wake. Ukikata mraba wa katikati wa picha hiyo, jengo, ngazi na mstari wa paa vinaangukia pale pale vilipokuwa mwaka 1976. Usipokata, unaona na wengine.

Mwalimu anayetaka kulifundisha jambo hili hahitaji vifaa vya fedha. Achukue kadi mbili za manila. Katika moja akate tundu la mraba wa sentimita 28, aishike sentimita 40 kutoka jichoni. Hiyo ni kamera ya mwaka 1976. Katika nyingine akate tundu la sentimita 18 kwa 12. Akiishika sentimita 17 kutoka jichoni, vimo vitalingana. Akiishika sentimita 26, upana utalingana. Kamba yenye mafundo mawili inatosha kupima umbali. Wanafunzi wakikisha kuona kwa macho yao kwamba kadi haiwezi kulinganishwa kwa upana na kwa kimo kwa wakati mmoja, wamelielewa jambo ambalo liliwashughulisha Hollywood kwa miongo mingi.

Nawaomba vijana wa leo wanaotembea na kamera mfukoni walizingatie hili zaidi yetu. Simu zao hupiga picha za 4 kwa 3, video za 16 kwa 9, na zikisimamishwa wima, 9 kwa 16. Na kila mtandao una umbo lake, na kila umbo hukata bila kumuuliza mtu. Anayeiweka picha ya zamani katika umbo jipya na aiache nzima kwanza, hata ikiwa na kanda nyeusi pembeni, kwa kuwa weusi ule haujamdhuru mtu. Akilazimika kukata, ahesabu watu waliopo kabla ya kukata, na ahesabu tena baadaye. Na nakala ya mwanzo aihifadhi mahali penye ukavu, nyuma yake ameandika kwa penseli majina ya watu wote, akianzia na wale walioketi chini.